Macho ya John Dalton

Jina la John Dalton si geni kwako. Kama umefika Kidato cha Tatu bila kulisikia, basi ulikuwa unasinzia katika kipindi cha Kemia, na mimi sitakusema kwa mwalimu. Ni yule Mwingereza wa atomu. Tunamkariri, tunaliandika jina lake kwenye karatasi ya mtihani, tunapata alama yetu moja, yakaisha. Nami nilimjua hivyo hivyo tu mpaka mwaka jana, muhula wa pili, siku niliyotolewa maabarani mbele ya darasa zima.

Siku hiyo tulikuwa tunafanya titresheni. Asidi kwenye bureti, alkali kwenye flaski, na matone mawili ya fenolfthalini. Kila mtu aliambiwa aendelee kudondosha asidi mpaka ile rangi ya waridi ipotee kabisa. Mimi nilidondosha, nikatikisa, nikaona maji matupu, nikafunga bureti na kuandika. Nilirudia mara tatu. Wenzangu walipata nambari zilizokaribiana kama ndugu wa tumbo moja, zangu zilitawanyika kama mbuzi waliokosa mchungaji. Mwalimu aliyekuwa akitusimamia aliishika flaski yangu, akaiinua mwangani, akaniuliza kama sioni kwamba bado ina waridi. Nikajibu kwa heshima kwamba sioni. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaja juu, akasema nimepika majibu na sasa namfanyia mzaha, nikatolewa nje. Simlaumu sana. Mtu mwenye macho mazima akimwambia mwenzake kitu ni cheupe huku wote wanaona si cheupe, nani atamwamini?

Nilikwenda maktabani kujificha. Nikachukua kitabu kikubwa cha maisha ya wanasayansi, si kwa hamu ya kusoma, bali kwa kuwa kilikuwa kipana cha kutosha kufunika uso. Kikafunguka penye Dalton. Nilipofika ukurasa wa pili nikasahau kwamba nilikuwa nimejificha.

Dalton alizaliwa mwaka wa 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, wilaya ya Cumberland, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Joseph, alikuwa mfumaji wa nguo, na maisha yao yalikuwa ya mkono kwenda kinywani. Watu wa jamaa hiyo walikuwa Marafiki, wale tunaowaita Makweka. Wenzetu wanaotoka upande wa Kaimosi wanalijua vizuri kanisa hilo, maana lilifika kwao mwaka wa 1902. Katika siku za Dalton, Marafiki walivaa nguo za rangi iliyopoa, kijivu na kahawia, wala hawakupenda mapambo. Ukumbuke jambo hilo, maana litarudi.

Kijana huyu alianza kufundisha akiwa na umri wa miaka 12. Naam, 12! Mimi katika umri huo nilikuwa bado natumwa chumvi dukani na kusahau chenji. Alifungua shule ndogo kijijini, na inasimuliwa kwamba baadhi ya wanafunzi walikuwa wakubwa kumliko na walimtaka ngumi alipojaribu kuwatia adabu. Mwaka wa 1781 alihamia mji wa Kendal kusaidia katika shule ya Marafiki, na miaka michache baadaye yeye na kaka yake Jonathan wakawa ndio waendeshaji wa shule hiyo.

Huko Kendal ndiko alikokutana na mtu ambaye kwangu mimi anastahili kurasa nyingi kuliko alizopewa kitabuni. Jina lake ni John Gough. Ndui ilimpofusha akiwa mtoto mdogo sana, hata miaka 3 hajatimiza. Hata hivyo alijua Kilatini, Kigiriki na hesabu, na alizijua mimea ya sehemu hiyo kwa kuigusa, kuinusa na kuionja. Ungemletea jani, angelipapasa na kuligusisha ulimi, kisha akakuambia jina lake. Huyo ndiye aliyemfundisha Dalton zile lugha na hesabu za juu, na ndiye aliyemshauri aanze kuandika habari za hali ya hewa kila siku. Dalton alianza mwaka wa 1787 na hakuacha mpaka alipokufa. Miaka 57! Waliohesabu wanasema kumbukumbu hizo zinapita 200,000. Basi tazama, kijana ambaye macho yake hayakumpa rangi zote alipata mwalimu ambaye macho yake hayakumpa chochote.

Wakati huo, hata hivyo, Dalton hakujua kwamba ana tofauti yoyote. Hilo ndilo linalowashangaza watu ninapowasimulia, lakini mimi halinishangazi hata kidogo. Ngoja nieleze.

Kwetu ni Kirinyaga, na kwetu kahawa ndiyo karo. Wakati wa kuchuma, watoto wote huingia shambani na ndoo. Sheria ni moja: chuma nyekundu, acha ya kijani, maana kiwandani hawataki mbichi. Ndoo yangu ilikuwa aibu ya ukoo. Nyanya aliimwaga kwenye gunia, akachambua, na mbichi zikawa rundo kubwa. Aliniita mvivu. Mimi nilidhani kuona rangi ya kahawa ni kazi ngumu kwa kila mtu, na kwamba wenzangu wana bidii tu kunishinda. Hatimaye nikajifunza njia yangu: naliminya tunda kidogo kwa vidole, likiwa laini nalichuma, likiwa gumu naliacha. Nilichelewa sana mstarini lakini mbichi zilipungua. Mtu mwingine pekee niliyemwona akiminyaminya hivyo ni mjomba, kaka yake mama. Hatukuwahi kuulizana.

Basi Dalton naye aliishi hivyo hivyo. Alipojifunza majina ya mimea alitatizwa na majina ya rangi, akadhani watu wameyavuruga majina yenyewe. Kuna kisa maarufu kinachosimuliwa juu yake, na ukipime mwenyewe. Ati alimnunulia mama yake soksi ndefu za hariri, akaona ni za rangi iliyopoa, zinazofaa kabisa kwa mama wa Kikweka kuendea ibadani. Mama alipofungua kifurushi alishangaa mwanawe alipata wapi ujasiri wa kumletea soksi nyekundu za kung'aa. Dalton akasisitiza kwamba si nyekundu. Akaitwa Jonathan aamue, Jonathan akasema John yuko sawa. Ikabidi waitwe akina mama wa jirani, nao wakaunga mkono upande wa mama. Nilicheka peke yangu maktabani, kisha nikaacha kucheka.

Kilichomfungua macho, kama naweza kusema hivyo, ni ua. Mwaka wa 1792 alilitazama ua la jerania usiku kwa mwanga wa mshumaa. Mchana ua hilo, ambalo kwa watu wengine lilikuwa la waridi, yeye aliliona la samawati kama anga. Usiku, kwa mshumaa, samawati yote ikatoweka, akaliona jekundu. Akawaita rafiki zake washuhudie mwujiza. Wakatazama, wakamwambia hakuna kilichobadilika. Mmoja tu ndiye aliyeona kama yeye: kaka yake Jonathan.

Hapo alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya kwa miaka yote ile ya kahawa. Aliuliza. Alianza kujichunguza mwenyewe kama anavyochunguza mvua na upepo. Aliutazama mwanga wa jua uliopasuliwa na mche wa kioo, akaandika kwamba wengine wanaona rangi nyingi lakini yeye anaona mbili wazi, au tatu: manjano, samawati na labda zambarau. Nyekundu, chungwa, manjano na kijani za wenzake kwake zote zilikuwa manjano ya namna namna, na nyekundu ilikaribia kuwa kivuli tu. Nta nyekundu ya kufungia barua aliiona inafanana na jani la mti. Damu aliiona kama rangi ya chupa ya kijani iliyokolea. Aliwauliza na watu wengine, akagundua wako wengi wa aina yake. Alijua pia habari za mshona viatu mmoja wa Maryport, mji usio mbali na kwao, aliyeitwa Harris, ambaye hali yake ilikuwa imeandikwa mwaka wa 1777.

Mwaka wa 1793 alikuwa amehamia Manchester kufundisha hesabu na sayansi katika chuo cha watu wasio wa kanisa la serikali. Kumbuka kwamba siku hizo Mkweka hakuweza kupata digrii Oxford wala Cambridge. Mlango ulifungwa kwa sababu ya dini. Mwishoni mwa Oktoba 1794, akiwa mwanachama mpya wa Chama cha Fasihi na Falsafa cha Manchester, alisimama mbele ya wasomi akasoma makala yake ya kwanza pale. Hakusoma juu ya gesi wala atomu. Alisoma juu ya macho yake mwenyewe. Alisimama mbele ya wageni wenye elimu zao, akawaeleza kwamba yeye haoni wanachoona wao. Mimi mbele ya darasa la watu 45 ninaowajua kwa majina nilishindwa kusema sentensi ya pili.

Alijaribu pia kueleza sababu. Alidhani ndani ya jicho lake, yale majimaji yanayolijaza yana rangi ya samawati, ndiyo maana mwanga mwekundu unamezwa kabla haujafika nyuma. Akaagiza kwamba akifa, macho yake yatolewe yachunguzwe. Tutayarudia hayo.

Habari za atomu mnazijua, nitapita mbio. Mwaka wa 1801 alitoa kanuni ya shinikizo la gesi zilizochanganyika. Mwaka wa 1803 aliandika katika daftari lake jedwali la kwanza la uzito wa atomu, na mwaka wa 1808 akaanza kuchapisha kitabu chake kikubwa cha kemia. Alichora kila elementi kwa duara: oksijeni duara tupu, hidrojeni duara lenye nukta katikati, kaboni duara jeusi tititi. Hakuna rangi hata moja. Sisemi hiyo ndiyo sababu, maana vitabu vingi vya wakati ule vilikuwa vyeusi na vyeupe, lakini nilipoiona michoro hiyo nilisikia raha moyoni. Alikosea pia, tena si kidogo. Alidhani maji ni atomu moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni, na Msweden Berzelius alipoleta herufi tunazotumia leo, Dalton alizikataa. Mwalimu wetu wa Kemia hupenda kutuambia makosa hayo tukikata tamaa na hesabu za moli.

Maisha yake yalikuwa ya kawaida mno. Hakuoa. Aliishi kwa kufundisha watoto wa watu nyumba kwa nyumba na chumbani kwake, na inasimuliwa kwamba Mfaransa mmoja alifunga safari kuja kumwona mwanasayansi mashuhuri, akamkuta ameinama anamsahihishia kijana hesabu za kawaida. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa James Joule, yule ambaye jina lake tunaliandika kila siku katika Fizikia. Alhamisi mchana alikwenda kucheza mchezo wa kuviringisha mipira nyasini. Likizo alirudi milima ya kwao na kupanda Helvellyn kupima hewa. Mlima huo una mita 950 tu, si kitu mbele ya Kirinyaga, lakini alipanda mara nyingi kuliko sisi tunaouona Kirinyaga kila asubuhi na kamwe hatujaukanyaga.

Sasa lile la mavazi. Mwaka wa 1832 Oxford, ile ile iliyowafungia mlango Marafiki, ilimpa shahada ya heshima. Mwaka wa 1834 alipelekwa kwa Mfalme William wa Nne. Shida ikawa mavazi: Mkweka hawezi kubeba upanga wa ikulu, na joho la Oxford ni jekundu la kuumiza macho, rangi ambayo Mkweka havai. Rafiki zake wakahangaika. Dalton akavaa joho lake akaenda, hana habari. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa alisema yeye anaona rangi ya majani tu. Wapo wanaosema alijua vizuri alichovaa na alikuwa anawacheka kimoyomoyo. Mimi niko upande huo. Alikuwa amejua tangu 1792 kwamba kile anachokiona cha majani huenda watu wanakiona chekundu. Alichagua kuyaamini macho yake siku hiyo.

Alipooza mwaka wa 1837 na tena 1838, usemi ukawa mzito, lakini daftari la hewa liliendelea. Alifariki tarehe 27 Julai 1844. Maiti yake iliwekwa katika ukumbi wa mji wa Manchester, na watu 40,000 hivi walipita kumwaga.

Daktari Joseph Ransome alitimiza agizo. Alilifungua jicho moja, akamimina majimaji yake kwenye kioo cha saa. Yalikuwa maangavu kama maji ya kisima. Jicho la pili alilikata kwa nyuma, akachungulia kupitia ndani yake kama mtu anayechungulia kwenye darubini, akatazama vitu vyekundu na vya kijani. Havikubadilika. Basi Dalton alikosea! Tatizo halikuwa kwenye majimaji. Thomas Young, mwanasayansi mwingine wa Uingereza, alikuwa ameshakisia mwaka wa 1807 kwamba kasoro iko nyuma ya jicho, kwenye retina, kwa kukosekana kile kinachopokea nyekundu.

Masalio ya macho hayo yakahifadhiwa na kile chama chake. Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yalilichoma jengo la chama, na karatasi nyingi za Dalton zikateketea. Macho yakanusurika. Na mwaka wa 1995, miaka 150 hivi baada ya kifo chake, wanasayansi wa London na Cambridge walichukua kipande kidogo wakapima jeni. Retina ya watu wengi ina aina tatu za seli za kupokea rangi. Dalton alikosa jeni ya ile ya kati, inayopokea zaidi kijani. Kwa hiyo Young alikuwa karibu na ukweli, ila alitaja rangi isiyo yake. Jeni hiyo hukaa kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mama peke yake. Ndiyo maana hali hii huwapata zaidi wanaume. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni kama 8 katika kila 100. Ndiyo maana Jonathan na John waliona sawa. Na ndiyo maana, nikajiambia pale maktabani, mjomba anaminya kahawa.

Jioni ile wakati wa prepu nilimsimulia jirani yangu wa dawati yote haya. Nilitarajia acheke. Akanyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye kwake herufi A ni nyekundu, nambari 7 ni ya kijani, na Jumatano ni ya kahawia. Ilikuwa hivyo tangu hajajua kusoma vizuri. Aliwahi kusema hivyo katika shule ya msingi, wakamwambia ana majini, hakusema tena. Tulitafuta pamoja kesho yake. Hali hiyo wataalamu huiita sinestesia, na si ugonjwa. Mwandishi Mrusi Vladimir Nabokov, aliyefariki mwaka wa 1977, alikuwa nayo. Alipokuwa mtoto alilalamika kwa mama yake kwamba rangi za vibao vyake vya herufi zimekosewa zote, na mama akamwelewa mara moja, kwa kuwa naye aliziona herufi kwa rangi, ingawa si rangi zile zile. Jirani yangu alisoma hapo mara mbili. Nadhani alichokipenda ni huyo mama.

Sasa kwenye titresheni tunakaa meza moja. Yeye huniambia waridi imeisha, mimi nasoma bureti, maana nasoma vipimo vizuri kumshinda. Mwalimu anajua, na aliyenitoa nje aliniita akaniomba radhi bila mimi kutarajia. Lakini katika mtihani wa taifa hakuna wa kuniambia chochote. Nimeandika barua kueleza hali yangu, nimeambatanisha cheti cha daktari wa macho, na imepelekwa ofisini. Bado nangoja jibu.

Likizo ya Desemba nilimkuta mjomba shambani, nikamsimulia habari za Dalton tukiwa mstari mmoja wa kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchuma. Kisha akauliza swali moja tu, kama yule Jonathan alikuwa mkubwa au mdogo. Nikamwambia alikuwa mkubwa. Akatikisa kichwa, akaliminya tunda, akaliacha.